Gitaa za plagini zinameza dramu kwenye kiitikio, nianzie wapi?

NyuziSita

Wakuu habari zenu. Natengeneza wimbo wa roki nyumbani na kila chombo humo ndani kinatoka kwenye kompyuta. Gitaa ni plagini (programu ndogo) ya sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa tayari, ninayoiandikia noti kwa MIDI, dramu vilevile, besi vilevile. Natumia Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, tempo ni mapigo 142 kwa dakika, na uzi mnene wa gitaa nimeushusha hadi D.

Tatizo liko kwenye kiitikio. Nikisikiliza dramu peke yake naridhika kabisa: kiki (dramu kubwa ya mguu) inasukuma, sneya (dramu yenye mchapo mkali) ina mwili, chumba kinasikika kikubwa. Gitaa zikiingia tu, sneya inabaki "tiki" nyembamba na kiki haipo tena. Nikipandisha dramu, masta (traki inayobeba sauti zote) inawaka nyekundu. Nikishusha gitaa, kiitikio kinakosa uzito.

Nilivyopanga ni hivi. Gitaa ni traki moja ya MIDI. Nimeinakili, nakala moja ipo kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa, na hiyo ya kulia nimeichelewesha milisekunde 15 ili ziachane. Zote zinatoka kwenye priseti (mpangilio ulioandaliwa tayari) ya gitaa la roki iliyokuja na plagini, halafu nimeongeza plagini ya ampu baada yake, gein (kiwango cha mkwaruzo) imepanda karibu mwisho maana nataka ule ukuta wa sauti. Kwenye dramu, juu ya sneya ya plagini nimeweka sampuli nyingine ya sneya ili ipate nguvu.

Kuna jambo jingine linanishangaza. Nikipiga wimbo kwenye spika ya simu, gitaa zinasikika kama zimetobolewa, noti nyingine zipo na nyingine hazipo. Kwenye hedifoni sisikii hilo.

Kwa ekwalaiza, ile ya kupunguza na kuongeza masafa, nimekata kila mahali ninapojua. Naombeni msaada.

Tremolo_Tu

Mkuu, kata gitaa kila kitu chini ya 90 Hz, punguza gein hata nusu, kiki ipe nguvu kidogo pale 60 Hz na tena kwenye 4,000 Hz, sneya 200 Hz. Utasikia tofauti papo hapo.

FundiKinasa

Mkuu Tremolo_Tu hajakosea, namba hizo hata mimi huishia jirani nazo. Ila ndugu NyuziSita, nakuomba uzime ekwalaiza zote kwanza. Una jambo ambalo ekwalaiza haiwezi kulitibu: kwenye kiitikio chako hakuna gitaa mbili. Ni gitaa moja, imesimama sehemu mbili.

Studio, mpiga gitaa hucharaza rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia) nzima mara mbili, tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mkono unaposhuka kwenye nyuzi unatua tofauti kidogo. Hapa amewahi, pale amechelewa, huku kiganja kimebana nyuzi zaidi. Tofauti hizo ndogo, zinazobadilika noti kwa noti, ndizo sikio linazozitafsiri kuwa upana. Nakala iliyocheleweshwa kwa kipimo kilekile wimbo mzima haina hata moja. Sikio linaipokea kama sauti moja tu inayotokea upande uliotangulia, yaani kwako kushoto, na upande wa kulia unabaki kujaza nafasi.

Sasa njoo kwenye simu yako. Spika ya simu mara nyingi inajumlisha kushoto na kulia kuwa mono, yaani sauti moja. Ukijumlisha sauti na nakala yake iliyochelewa milisekunde 15, masafa fulani yanafutana: 33 Hz, 100, 167, 233, 300, 367, na kuendelea hivyo kila baada ya takribani 67. Uzi wako wa D una 73.4 Hz, na hamoniki zake, yaani sauti za juu zinazoambatana na noti hiyo, ni 147, 220, 294, 367. Ukihesabu 73.4 kuwa ya kwanza, tazama ya tano, 367: imeanguka ndani ya shimo kabisa. Ya tatu na ya nne zipo ukingoni. Ndiyo maana noti nyingine zipo na nyingine hazipo, inategemea noti hiyo imekutana na shimo lipi. Kwenye hedifoni husikii kwa sababu kushoto na kulia hazikutani popote. Reaper ina kitufe cha mono pale kwenye traki ya masta, kibonyeze wakati kiitikio kinapita utasikia kila kitu bila kugusa simu.

Kwa hiyo futa ile nakala. Andika gitaa ya pili upya. Najua ni kazi inayochosha, lakini hakuna kazi nyingine kwenye wimbo huu itakayokulipa kama hiyo. Kama una kibodi ya MIDI, ipige mwenyewe kwa mkono badala ya kuchora noti kwa kipanya. Kama huna, chora, kisha sogeza noti moja moja mbele na nyuma kidogo. Milisekunde 5 hadi 12 zinatosha, zikizidi hapo rifu ya kasi inaanza kusikika kama watu wawili wasiopatana. Nguvu za mapigo nazo zisifanane. Kisha badilisha chanzo chenyewe: kama plagini yako inakupa pikapu (kinasa sauti cha gitaa) ya daraja na ya shingo, au magitaa mawili tofauti, kushoto tumia hili, kulia tumia lile. Plagini nyingi za sampuli hubadilisha rekodi kila unaporudia noti, lakini nakala mbili za MIDI ileile zikianza pamoja zinaweza kuchagua rekodi zilezile kwa mpangilio uleule. Hapo hata usipochelewesha chochote unapata mono tupu.

Jambo la pili, na hili naliona kwa watu wengi. Umesema umetumia priseti ya roki kisha ukaongeza ampu. Fungua plagini ya gitaa uangalie: karibu priseti zote za roki zina ampu na kabineti (boksi la spika) ndani yake tayari. Sauti yako inapita kwenye ampu mbili na kabineti mbili. Hapo ndipo ule mlio wa juu kama wa nyuki unapozaliwa, na hapo ndipo katikati panapojaa matope. Zima kila kitu ndani ya plagini ya gitaa, ibaki sauti safi, kavu, ya gitaa iliyochomekwa moja kwa moja. Ikisikika nyembamba na haina mvuto, ipo sawa. Hiyo ndiyo uipeleke kwenye ampu moja na kabineti moja.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo. Gitaa la kweli likipigwa kodi, nyuzi zote zinaingia pamoja kwenye ampu na ampu inazikwaruza zikiwa kitu kimoja. Noti mbili zikikwaruzwa pamoja huzaa sauti nyingine ambazo hazikuwepo, na mlio tunaouita gitaa la roki umetokana na sauti hizo. Plagini iliyorekodiwa noti moja moja ikiwa tayari na mkwaruzo haiwezi kufanya hivyo. Kodi yake inakuwa noti kadhaa zilizokwaruzwa kila moja kivyake na kuwekwa pamoja, na mlio unaelekea kwenye kinanda cha kanisani. Ukiwahi kujiuliza kwa nini kodi zako za plagini zinasikika bandia wakati noti moja moja zinasikika vizuri, jibu lake ni hilo.

Gein. Ampu ikikwaruza sana inafanya kazi ya kompresa (kifaa cha kubana sauti) pia, inabana vilele na kuinua mabonde. Gitaa linakuwa sauti moja isiyopumua, kilele hakuna, shimo hakuna. Dramu yenyewe ni kitu cha muda mfupi mno, sneya inapiga na kuondoka. Ikikutana na ukuta usio na ufa haina pa kupita, hata uipandishe vipi. Shusha gein hadi useme "hii imepungua", kisha sikiliza gitaa zote mbili pamoja. Mkwaruzo wa kushoto na wa kulia unajumlishana, uzito unarudi, na sasa kila pigo la mkono linasikika. Angalia pia kiwango kinachoingia kwenye ampu, maana ampu za plagini husikia nguvu ya kinachoingia kama ampu za kweli. Ukiingiza sauti kubwa mno, hata gein ikiwa chini bado itakwaruza.

Sneya mbili. Sampuli uliyoongeza juu, je, inaanza sawasawa na ile ya kwanza? Mwili wa sneya upo karibu na 200 Hz, na mzunguko mmoja wa 200 Hz ni milisekunde 5. Sampuli ya pili ikichelewa milisekunde 2.5 tu, miili yao inafutana na inabaki ile "tiki" uliyoilalamikia. Vuta picha ya mawimbi hadi uyaone yakipanda na kushuka, yapange yaanze kupanda pamoja. Kisha jaribu kugeuza fezi ya mojawapo, yaani mawimbi yake yapinduke juu chini, na chagua upande wenye mwili zaidi. Usitazame, sikiliza.

Baada ya hayo ndipo uanze kumiksi. Shusha kila kitu. Panga kiki na sneya hadi masta isizidi karibu -10 dB, ongeza matoazi, ongeza besi. Gitaa ziwe sifuri kabisa, zipandishe polepole huku kiitikio kikizunguka, na simama mara tu sneya inapoanza kuumia. Hapo ndipo gitaa zako zinapokaa. Wengi hufanya kinyume, wanajenga ukuta kwanza halafu wanatafuta pa kuchomeka dramu.

Ukifika hapo rudisha ekwalaiza, na utaona unahitaji kidogo sana. Gitaa kata chini ya 90 hadi 100 Hz, hata kama noti yako ya chini ni 73. Uzito wa noti hiyo aubebe besi, ambaye anapiga D yake chini zaidi, kwenye 37. Juu, spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kushuka haraka baada ya 5,000 au 6,000 Hz, kwa hiyo ukikata gitaa kuanzia 8,000 hupotezi kitu cha gitaa, unawapa matoazi nafasi yao.

NyuziSita

FundiKinasa, nashukuru sana, na mkuu Tremolo_Tu pia. Ampu ilikuwepo ndani ya priseti kweli, nimeizima. Gitaa ya kulia nimeiandika upya kwa kibodi, kushoto pikapu ya daraja, kulia ya shingo, na gein ipo chini ya nusu. Nilipobonyeza mono, gitaa hazikutoboka. Sneya imerudi na mwili wake.

Imebaki hivi: kiitikio bado kinanichosha masikio. Juu kuna "shhhh" isiyokatika, na sneya mwishoni kwenye rolo inasikika mashine kabisa, ta-ta-ta-ta. Nimejaribu kupunguza 8,000 Hz kwenye dramu zote, sneya ikafa tena.

MamaMatoazi

Mwanangu, hapo nipishe mimi. Napiga dramu za kweli na pia naandika za plagini, na neno langu la kwanza ni swali: kwenye kiitikio mkono wa kulia unapiga nini? Nadhani umeweka toazi la krashi kila pigo. Krashi ikipigwa kila pigo kwenye tempo ya 142 haipati nafasi ya kunyamaza, kila pigo linafika la kabla halijafa. Weka juu yake gitaa mbili zenye mkwaruzo, una "shhhh" kuanzia 4,000 hadi 10,000 Hz isiyo na mwanzo wala mwisho, na mchapo wa sneya unaishi humo humo. Hakuna ekwalaiza itakayozitenganisha.

Ondoa krashi. Iache pigo la kwanza la kiitikio, na labda tena kiitikio kinapojirudia. Katikati tumia haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) iliyofunguliwa nusu, au kengele, yaani kitovu, ya toazi la raidi kama unataka kitu kinachokata. Kwenye MIDI ya kawaida haihati iliyofungwa ni noti 42 na iliyofunguliwa ni 46, lakini plagini nzuri ina hatua nyingi katikati, ama kwenye noti nyingine ama kwa kidhibiti namba 4, kinachofuata mguu. Zitafute. Haihati ya nusu inatoa msukumo uleule wa krashi, ila inafunga mdomo kati ya pigo na pigo, na sneya inapita hapo.

Kuhusu mashine. Mpigaji ana mikono miwili, na mikono hiyo hailingani. Kwenye rolo yako andika R na L akilini: kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kulia ipe nguvu 105, kushoto 92, na usizirudie hizo hizo, ziache ziyumbe pande zote kwa pointi kadhaa. Rolo ianze chini na kupanda, pigo la mwisho lifike 118. Usiguse 127. Nguvu ya juu kabisa inaita zile rekodi za mwisho kabisa za plagini, na mapigo yote yakikaa pale yanasikika ndugu pacha. Sneya za kawaida za pigo la pili na la nne ziweke kati ya 108 na 116, halafu zisogeze nyuma ya gridi (mistari ya mapigo) kidogo, zichelewe milisekunde 5 au zaidi kidogo. Kiki iache kwenye gridi. Wimbo utakaa vizuri zaidi kwenye kiti, na utaona gitaa ulizozipiga kwa mkono zinapatana nao.

Vipigo vidogo vya sneya, vile vya nguvu chini ya 40, viache kwenye beti. Kwenye kiitikio vifute. Gitaa zitavimeza zote na kitakachobaki ni uchafu usio na jina.

Na mikono ikienda kwenye tomu (dramu za mlio mzito, zisizo sneya wala kiki), haihati inanyamaza. Ukisikia haihati inaendelea wakati tomu mbili zinapigwa, umeandika mpigaji mwenye mikono mitatu, na msikilizaji anahisi hata kama hajui kusema ni nini.

Mwisho, kama umezima maikrofoni za chumba kwa kuogopa gitaa, ziwashe. Dramu bila chumba ni mkusanyiko wa vyombo, bado haijawa dramu. Zibane kwa kompresa kali, na achilio lake (muda inaochukua kuachia sauti) lipange ili mkia wa sneya ufe kabla ya sneya inayofuata. Kwako sneya mbili zina umbali wa milisekunde 845, kwa hiyo nafasi unayo nyingi.

FundiKinasa

Nakubaliana na Mama karibu yote, na hilo la krashi lilinipita. Kwenye chumba nina tahadhari moja. Ukibana chumba kwa nguvu, kinachoinuka kwanza ni matoazi, na "shhhh" inarudi kwa mlango wa nyuma. Lakini hapa dramu za plagini zinakupa kitu ambacho dramu za kweli haziwezi kukupa kamwe. Plagini nyingi kubwa zinakuruhusu kuamua kila chombo kinaingia kiasi gani kwenye maikrofoni za chumba. Ondoa matoazi na haihati humo, acha kiki, sneya na tomu. Sasa bana chumba unavyotaka. Kisha kata chumba chini ya 100 Hz ili kiki ibaki ngumu na isivimbe.

MamaMatoazi

Hilo sawa kabisa. Ila matoazi usiyafute yote humo, bakiza kidogo, la sivyo yatasikika yamepigwa nyumba ya jirani.

NyuziSita

Nimesikiliza tena. Krashi imeondoka, haihati ya nusu imechukua nafasi yake, na kwa mara ya kwanza nasikia maneno ya kiitikio bila kupandisha sauti ya mwimbaji. Chumba nimekiwasha bila matoazi, nitayarudisha kidogo kama Mama alivyosema.

Swali moja la mwisho. Kwenye simu besi haisikiki kabisa. Niipandishe?

FundiKinasa

Usiipandishe. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya 200 Hz, kwa hiyo utaongeza kitu ambacho simu haiwezi kukipiga, na kwenye spika kubwa wimbo utavimba. Nakili traki ya besi, kwenye nakala kata kila kitu chini ya 300 Hz, ipitishe kwenye ampu yenye mkwaruzo wa wastani, kisha ichanganye taratibu chini ya ile safi. Hamoniki za kati ya 700 na 1,000 Hz ndizo simu itakazopiga, na sikio litajaza D ya chini lenyewe. Hapa kunakili hakuna ubaya kwa sababu zote mbili zinakaa katikati. Angalia tu ile ampu isiicheleweshe nakala. Reaper hufidia ucheleweshaji ambao plagini imeutangaza, lakini kuna plagini zisizotangaza ipasavyo. Ukisikia besi imekonda ulipoongeza nakala, geuza fezi ya nakala kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.